Kumjua mteja kabla gesi haijakatika: mwongozo kwa mashirika ya gesi ya bomba

Shirika la gesi hulijua bomba lake vizuri sana. Linajua lilifukiwa mwaka gani, ni la chuma au la plastiki, kipenyo chake ni kipi na gesi imo kwa mgandamizo gani. Ukiuliza ni nani anaishi kwenye nyumba ambako bomba hilo linaishia, mara nyingi jibu ni namba ya mita na jina la mtu aliyefungua akaunti. Kwamba mle ndani kuna mzee anayeishi peke yake, mtoto wa wiki tatu au mtu asiyeweza kutoka kitandani, shirika hulifahamu siku gesi imekatika na simu zimeanza kumiminika. Siku hiyo umeshachelewa.

Mwongozo huu ni wa wale waliokabidhiwa kazi ya kulirekebisha hilo: afisa wa huduma kwa wateja, msimamizi wa mafundi, afisa uhusiano, meneja wa mradi wa kubadilisha mabomba. Mifano mingi imetoka Uingereza, kwa kuwa mamlaka ya udhibiti wa nishati ya huko, Ofgem, imeyaingiza mambo haya kwenye masharti ya leseni na kampuni hupimwa kwayo. Hatua zenyewe zinafaa popote penye bomba la gesi.

Hatua ya 1: Jua gesi inaweza kumdhuru nani, na kwa njia gani

Wengi huanza kwa kuandika orodha ya makundi: wazee, watu wenye ulemavu, maskini. Kisha wanaifunga. Orodha ya namna hiyo inatosha kwa hotuba, haitoshi kwa kazi. Mzee wa miaka 80 mwenye afya, anayeishi na wanawe, huenda asihitaji chochote cha ziada. Kijana wa miaka 30 aliyefiwa na mkewe majuzi, akabaki na mtoto mchanga na bili mbili zisizolipwa, yuko hatarini kweli, wala hatokei kwenye orodha. Ofgem ililieleza vizuri katika mkakati wake wa 2013: mteja huwa hatarini pale hali yake binafsi inapokutana na namna soko lilivyopangwa. Yaani sehemu ya tatizo iko kwa shirika lenyewe. Kutosikia hakumzuii mtu kupika wala kuripoti gesi inayovuja. Kinachomzuia ni shirika kuweka namba ya simu kuwa njia pekee ya kuripoti.

Basi anza na gesi yenyewe, uulize: inadhuru vipi?

Gesi asilia haina harufu. Ile harufu kali tunayoitambua huongezwa na shirika, kwa kemikali za jamii ya merkaptani. Kanuni za kulazimisha jambo hili zilipata nguvu baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, ambapo watu wapatao 300 walikufa, wengi wao watoto. Gesi ilikuwa imejikusanya chini ya jengo bila mtu yeyote kunusa kitu. Tangu hapo tahadhari ya kwanza ya mfumo mzima ni pua ya mteja. Sasa mfikirie aliyepoteza uwezo wa kunusa, kwa uzee, kwa jeraha la kichwa, au kwa ugonjwa kama UVIKO-19. Methani hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, na mtu huyu hana kitu cha kumwonya. Kwa sababu hiyo nchini Uingereza kutoweza kunusa ni sababu tosha ya kuandikishwa kwenye rejista ya huduma za kipaumbele, inayoelezwa katika Hatua ya 3. Fomu yako isipouliza juu ya kunusa, ina pengo kubwa.

Kaboni monoksaidi ni hatari ya pili, na ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu huua kimyakimya ndani ya nyumba ambayo bomba lake ni zima kabisa. Hutokea gesi inapoungua pasipo hewa ya kutosha: jiko bovu, boila (mtambo wa kuchemsha maji na kupasha nyumba joto) isiyohudumiwa, dohani iliyoziba. Haina rangi wala harufu, na ile harufu iliyoongezwa kwenye gesi haisaidii, kwa kuwa imekwisha kuungua. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Mtu hudhani ni mafua. Anayeshinda ndani kutwa nzima ndiye anayevuta nyingi: mtoto mchanga, mgonjwa, mzee, mjamzito pamoja na mimba yake.

Kuna baridi pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa 2018, linapendekeza joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 katika nchi zenye majira ya baridi, na kwa wazee na watoto liwe juu kidogo. Na kuna kusahau. Mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hufungua koki ya jiko, akasahau kuwasha, akaenda zake kulala.

Njia hizi nne, kunusa, sumu, baridi na kusahau, ziandike kwenye karatasi moja, na kila moja uioanishe na watu inaowafikia kwanza. Karatasi hiyo ndiyo itakayoongoza kazi yote inayofuata.

Hatua ya 2: Panga wadau kwa kazi wanayoweza kuifanya

Wadau wa shirika la gesi wako wa namna mbili, na mashirika mengi huwahudumia wa namna moja tu.

Wa kwanza ni wale wanaoweza kukuzuia au kukuruhusu: mamlaka ya udhibiti, serikali ya mtaa, idara ya barabara, zimamoto, polisi, kampuni ya maji, kampuni ya umeme, wanahisa, vyama vya wafanyakazi. Hawa wana ofisi na wana barua pepe, na mikutano nao hujaa haraka.

Wa pili ni wale wanaoweza kukufikisha kwenye mlango ambao wewe ukibisha haufunguliwi. Muuguzi anayezunguka majumbani. Chama cha viziwi. Kikundi kinachowahudumia wagonjwa wa kumbukumbu. Mshauri wa madeni. Viongozi wa dini. Mwalimu anayeona mtoto anakuja shule na nguo zenye ukungu. Watu hawa tayari wanaaminiwa, tayari wako ndani ya nyumba, na kwa kawaida hawajawahi kupokea simu hata moja kutoka kwa shirika la gesi.

Ukiwaendea, nenda na kitu mkononi. Wafundishe dalili za kaboni monoksaidi, hasa mbili ambazo muuguzi yeyote anaweza kuzitumia kesho yake: dalili hupungua mtu akitoka nje ya nyumba, na huwashika wote waliomo kwa wakati mmoja, mpaka paka. Wape vitambuzi vya sumu hiyo vya kugawa. Gharama za muda wao zilipe, maana kikundi kidogo cha kujitolea hakiwezi kuwa tawi la shirika lako bila malipo. Kisha wape jina la mtu mmoja ndani ya shirika wa kumpigia moja kwa moja, asiwe sauti ya mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Kila mteja wanayemleta, warudishie jibu la kilichofanyika. Wakileta watatu bila kusikia neno, wa nne hawatamleta.

Hatua ya 3: Jenga rejista inayofanya kazi

Uingereza wanayo rejista ya huduma za kipaumbele. Kujiandikisha ni bure. Wauzaji wa nishati na wamiliki wa mabomba na nyaya huitunza na kupeana taarifa kwa ridhaa ya mteja, jambo la lazima kule, kwa kuwa kampuni yenye bomba siyo inayotuma bili. Huduma zake ni za kawaida lakini zina uzito: bili kwa maandishi makubwa au ya nukta nundu, nakala ya notisi kwa ndugu au mlezi aliyechaguliwa na mteja, mita kuhamishwa pale mteja asipoweza kuifikia, taarifa ya mapema kabla ya gesi kufungwa, na neno la siri ambalo fundi hulitaja mlangoni ili mteja ajue si tapeli.

Ukianza yako, kanuni ya kwanza ni kuuliza hitaji, usiulize ugonjwa. Shirika la gesi halina haja ya kujua jina la maradhi ya mtu, na maswali ya namna hiyo huwafukuza wengi. Maswali haya yanatosha kwa kuanzia:

- Gesi ikikatika ghafla leo usiku, ni nani nyumbani kwako atakayepata shida kwanza?
- Unaweza kunusa gesi? Unaweza kusikia king'ora kikilia ukiwa umelala?
- Fundi akibisha, unahitaji muda gani kufika mlangoni, na tukujulishe vipi kwamba amefika?
- Ungependa tuwasiliane nawe kwa lugha gani na kwa njia ipi?
- Kuna mtu mwingine tumpigie kwa niaba yako?

Majibu ya maswali hayo ni maelekezo ya kazi moja kwa moja. Fundi akisoma "haoni, subiri dakika tano, taja neno la siri" anajua la kufanya. Akisoma "mlemavu" hajui lolote.

Weka tarehe ya kuisha kwa mahitaji ya muda. Mguu uliovunjika hupona, mtoto mchanga hukua, aliyetoka hospitali hupata nguvu. Rejista isiyofutwa majina hujaa, na ikijaa kupita kiasi hakuna tena anayepewa kipaumbele. Wale wenye mahitaji ya kudumu wapigie angalau mara moja kwa mwaka kuhakikisha kwamba bado wako pale na namba ni ileile.

Taarifa hizi ni nyeti. Zinamwambia mwizi nyumba ipi ina mzee peke yake. Pata ridhaa iliyo wazi, eleza utampa nani, na hakikisha mkandarasi anaona anachohitaji kwa kazi ya siku hiyo tu. Karatasi zilizochapishwa zirudi ofisini na ziharibiwe. Hapa sioni nafasi ya kulegeza hata kidogo, kwani mteja mmoja akidhuriwa kwa taarifa aliyoitoa kwako, mtaa mzima utaacha kuandikisha.

Hatua ya 4: Washirikishe watu wakati uamuzi bado uko wazi

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mchambuzi wa sera wa Marekani, aliupanga ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vidato vinane: chini kabisa ni kuwachezea watu ili wakubali, juu kabisa ni wananchi kushika hatamu. Mikutano mingi ya mashirika ya gesi iko vidato vya chini. Uamuzi umeshapita, mhandisi ana slaidi, wananchi wanaombwa "maoni".

Gharama ya njia hiyo ilionekana Whitby, eneo la Ellesmere Port kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mpango ulikuwa kuzibadilisha nyumba zipatazo 2,000 kutoka gesi asilia kwenda hidrojeni kwa majaribio. Wakazi wengi walisema wamefanywa vitu vya kufanyiwa majaribio bila hiari yao, na upinzani ukakua. Mwezi Julai 2023 serikali ilisema mpango hautaendelea pale, kwa kukosa uungwaji mkono wa kutosha wa wenyeji. Kihandisi hoja za kuutetea zilikuwepo. Lakini mwenye jiko ndiye aliyetakiwa kukubali, na swali lililomhusu zaidi, la iwapo anaweza kukataa, lilipaswa kuwa na jibu jepesi tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuitisha mkutano wowote, andika mistari miwili na uitume pamoja na mwaliko. Wa kwanza: haya yameshaamuliwa na hayabadiliki, na sababu ni hii. Wa pili: haya bado, na mtakachosema kitayabadilisha. Ukikuta mstari wa pili hauna kitu, usiite mkutano wa mashauriano. Toa tangazo na uliite tangazo.

Mkutano wa ukumbini huwaleta wenye muda, wenye sauti na wenye gari. Wale ambao mwongozo huu unawahusu hawako pale. Wafuate walipo: zamu ya asubuhi ya kliniki ya watoto, kikao cha kikundi cha walezi, nyumbani kwa mtu mmoja mmoja inapobidi. Nenda na mkalimani wa lugha ya alama bila kusubiri kuombwa. Lipa nauli. Mazungumzo na watu sita kwa saa moja na nusu yatakupa mengi kuliko dodoso la watu mia sita, ingawa dodoso nalo lina kazi yake pale unapotaka kujua jambo limeenea kiasi gani.

Kisha rudi. Sehemu hii huachwa na karibu kila mtu. Ndani ya wiki chache, watu walewale wapate waraka mfupi wa sehemu tatu: mlichosema, tulichokibadilisha, na tusichokibadilisha pamoja na sababu. Hiyo ya tatu ndiyo inayojenga imani. Mtu anaweza kukubali kukataliwa akielezwa sababu. Kupuuzwa hakubali.

Kwa maamuzi makubwa, kama mpango wa uwekezaji wa miaka mitano, unda kikundi huru chenye mwenyekiti asiye mfanyakazi wako. Kampuni za mabomba za Uingereza zilipokuwa zikiandaa mipango ya kipindi cha 2021 hadi 2026, Ofgem ilizitaka kila moja iwe na kikundi cha namna hiyo, nacho kikaandika ripoti yake kwa mdhibiti chenyewe. Kampuni ikijua kwamba kuna mtu atakayeandika "tuliuliza, hatukujibiwa", hujibu.

Hatua ya 5: Mfanye fundi kuwa macho ya shirika

Hakuna afisa uhusiano anayeingia majumbani kama fundi anavyoingia. Uingereza, kiwango cha dharura ni kufika ndani ya saa moja kwa uvujaji usiodhibitiwa, na saa mbili kwa uliodhibitiwa. Fundi huyo anakuta nyumba ilivyo, bila maandalizi: jiko linalotumika kupasha chumba joto, dirisha lililozibwa kwa magazeti, dawa nyingi mezani, jokofu tupu. Akifundishwa kuangalia, ataona kwa dakika kumi kile ambacho fomu haitakionyesha kamwe.

Mafunzo yake yaanze mlangoni. Abishe, arudi nyuma hatua moja, aonyeshe kitambulisho, ataje neno la siri kama lipo. Asubiri. Anayetembea kwa fimbo kutoka chumba cha nyuma anahitaji dakika kadhaa, na fundi anayeacha kadi ya "tulikuja hatukukukuta" baada ya nusu dakika amemnyima huduma mtu aliyekuwa njiani kuja kufungua. Mwenye shida ya kumbukumbu huenda akahitaji kuelezwa jambo lilelile mara tatu, kwa upole uleule.

Baada ya hapo ni mambo matatu: kuona, kuuliza, kuelekeza. Fundi si daktari wala mshauri wa madeni. Anachotakiwa ni kuuliza "kuna msaada wowote ungependa tukuunganishe nao?", kupata ridhaa, na kubonyeza kitufe kimoja kwenye simu ya kazi kinachompeleka mteja kwa mhusika. Ukimpa fomu ya kurasa nne, hataijaza, na hatakuwa na kosa.

Kuna jambo moja gumu ambalo kila fundi wa gesi analijua. Anakuta boila inatoa kaboni monoksaidi. Usalama unamlazimu aifunge, na anaifunga. Ameokoa maisha. Kisha anaondoka, nyuma yake kabaki bibi wa miaka 78 katikati ya majira ya baridi, hana joto, hana maji ya moto, hana pesa za boila mpya. Kwa kanuni za zamani kazi imekwisha, kwa kuwa wajibu wa mwenye bomba uliishia kwenye mita. Kwa maoni yangu hapo ndipo shirika hupimwa utu wake. Kuanzia Aprili 2021 kampuni za mabomba za Uingereza zina fungu maalumu kwa ajili ya wateja walio hatarini na kwa ajili ya usalama dhidi ya kaboni monoksaidi, na linaweza kulipia hata kutengeneza au kubadilisha kifaa kilichofungwa pale mteja asipoweza kumudu. Kama shirika lako halina fungu la namna hiyo, anza na kidogo: hita mbili za umeme na jiko dogo la umeme kwenye kila gari, na ruhusa ya fundi kuviacha pale bila kupiga simu kwa bosi.

Gari hilo liwe pia na vitambuzi vya kaboni monoksaidi, vikiwemo vya viziwi vyenye taa kali na kidude cha kutetema kinachowekwa chini ya mto. Kwa wenye shida ya kumbukumbu, kuna koki yenye ufunguo inayofungwa kwenye bomba la jiko: mlezi akiondoka anafunga na kuondoka na ufunguo, akirudi anafungua. Kampuni za Uingereza huifunga bure. Kifaa ni kidogo, lakini kinampa mtu nafasi ya kuendelea kuishi nyumbani kwake, na binti yake kulala usingizi.

Hatua ya 6: Kazi zilizopangwa

Hapa huna kisingizio, kwa kuwa tarehe unaijua. Mpango wa Uingereza wa kuondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo ulianza 2002 na ulipangiwa miaka 30; mtaa baada ya mtaa unachimbwa. Linganisha orodha ya nyumba na rejista kabla ya kuchapisha ratiba, usingoje mpaka imetoka. Wenye mahitaji wapigiwe simu au watembelewe, barua peke yake haitoshi. Wafungiwe gesi mwisho na wafunguliwe kwanza, ili muda wao wa kukosa uwe mfupi. Handaki likipita mbele ya nyumba ya mwenye kiti cha magurudumu, daraja lenye mteremko liwekwe asubuhi ileile, kabla jembe halijagusa ardhi. Uliza pia juu ya mlezi anayekuja kwa gari: ataegesha wapi?

Hatua ya 7: Siku mtaa mzima unapokosa gesi

Umeme ukirudi, umerudi kwa wote. Gesi haiko hivyo. Lazima kwanza koki ya kila nyumba ifungwe, kisha hewa au maji yatolewe kwenye mabomba, kisha fundi arudi kila nyumba kuwasha na kukagua. Kila mlango unafunguliwa si chini ya mara mbili. Nyumba moja isiyofikika inaweza kuchelewesha jirani zake wote, na nyumba ngumu kufikika mara nyingi ni ya yule asiyesikia mlango au anayeogopa kufungua. Rejista unaihitaji hata kwa sababu hii ya kiufundi.

Mwanzoni mwa Desemba 2022, bomba kuu la maji lilipasuka Stannington, Sheffield, na maji yakaingia kwenye mabomba ya gesi. Nyumba zipatazo 2,000 zilikosa gesi kwa siku nyingi katika baridi kali, na mafundi waliondoa zaidi ya lita milioni moja za maji. Mengine yalikuwa yameshafika kwenye mita na majiko. Miaka minne kabla, tarehe 13 Septemba 2018, mgandamizo uliozidi kwenye mabomba ya bonde la Merrimack, Massachusetts, Marekani, ulisababisha moto na milipuko katika nyumba nyingi, kijana mmoja alikufa, na zaidi ya wateja 10,000 walifungiwa gesi. Kwa wengi ilirudi Desemba. Mji ulioathirika zaidi, Lawrence, una wakazi wengi wanaozungumza Kihispania nyumbani. Tangazo la Kiingereza peke yake huwaacha nje.

Kutokana na matukio kama haya, andaa mambo haya mapema na yaandikwe.

Kampuni ya umeme ijulishwe ndani ya saa ya kwanza. Utakapogawa hita za umeme kwa maelfu ya nyumba, zote zitawashwa jioni moja, na nyaya za mtaa zinaweza kushindwa. Ukikosa umeme juu ya gesi, umeongeza janga. Gawa hita kwa kufuata rejista kwanza, na waambie watu wawashe moja kwa wakati.

Kituo cha kuotea joto ni kizuri kwa anayeweza kutoka. Asiyeweza, apelekewe msaada nyumbani. Kundi la kwanza kutoka ofisini lisiwe la habari, liwe la watu wawili wawili wenye vitambulisho, chakula cha moto, blanketi na orodha ya milango. Wale wauguzi na vikundi vya Hatua ya 2 ndio wa kuwaita sasa, kwa kuwa wanajua wasiokuwa kwenye rejista.

Onyo moja litoke mara nyingi, kwa lugha zote: mkaa na jenereta visiwashwe ndani ya nyumba. Watu waliobaki na baridi hufanya hivyo, na kaboni monoksaidi hawaioni.

Toa taarifa kwa saa maalumu kila siku, kwa mfano saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hata kama hakuna jipya. "Hatujajua bado, tutarudi jioni" ni taarifa. Usitaje saa ya kurudi kwa gesi mpaka mhandisi ameithibitisha. Ahadi moja ikivunjika, mzazi aliyekuwa amepanga kumpeleka mtoto kwa ndugu hatapanga tena kwa maneno yako. Na fidia, kama ipo kisheria, ilipwe bila mteja kuiomba. Wanaojua kuomba si wale wanaoihitaji zaidi.

Hatua ya 8: Deni

Kama shirika lako ndilo linalotuma bili, haya yanakuhusu moja kwa moja. Kukata gesi ya asiyeweza kulipa, na kumwekea mita ya kulipia kabla bila hiari yake, matokeo ni yaleyale: salio likiisha, mtu anajikatia mwenyewe, na hakuna anayehesabu. Uingereza, baada ya kashfa ya mapema 2023 ya mita hizo kuwekwa kwa nguvu hata kwenye nyumba za wagonjwa, kanuni zilibadilishwa. Sasa muuzaji lazima ajaribu kuwasiliana na mteja si chini ya mara 10, kisha afanye ziara ya kuangalia hali ya waliomo kabla ya kufunga mita hiyo. Kwa nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka 2, au wenye miaka 75 na kuendelea wasio na msaada ndani ya nyumba, imekatazwa kabisa.

Usisubiri kashfa. Mteja aliyelipa vizuri kwa miaka kisha akaacha ghafla amekwambia jambo: amefiwa, amefukuzwa kazi, ameugua. Simu ya kwanza kwake imuulize hali yake, na anayepiga awe na mamlaka ya kumpangia malipo madogo papo hapo na kumuunganisha na mshauri wa madeni asiye wa shirika.

Hatua ya 9: Pima kilichomfikia mteja

Ripoti za mwaka hupenda kuhesabu vipeperushi vilivyogawiwa na mikutano iliyofanyika. Hesabu hizo hazimwambii mtu kitu. Pima haya: gesi ilipokatika, ni wangapi kwenye rejista walifikiwa kabla ya usiku? Ni nyumba ngapi zililala bila joto baada ya fundi kufunga kifaa? Kati ya wateja walioelekezwa kwa msaada, wangapi waliupata kweli? Na katika kila eneo, walioandikishwa ni sehemu gani ya wale ambao takwimu za afya na sensa zinaonyesha wanapaswa kuwepo? Eneo lenye wazee wengi na rejista nyembamba ndilo la kwenda kesho. Kwa kulinganisha huduma zako na za wengine kuna kiwango cha kimataifa, ISO 22458 cha 2022, kinachohusu huduma jumuishi kwa wateja walio hatarini.

Na kila mwezi, mkurugenzi mwenyewe achukue majina kumi kutoka kwenye rejista bila kuchagua, apige simu. Namba inapatikana? Neno la siri mteja analikumbuka? Hitaji ni lilelile? Mara ya mwisho fundi alipofika, alisubiri? Majibu yaandikwe mbele ya kila jina, yasomwe kwenye kikao cha menejimenti kabla ya hesabu za fedha, na kila kasoro ipewe mtu wa kuirekebisha na tarehe.